Nimepata kazi ya uchangishaji fedha kwenye makumbusho ya sanaa. Je, nitakuwa omba-omba wa matajiri?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 31. Nyumbani nilikuwa naandika maandiko ya miradi kwa shirika la afya Mwanza, mpaka fedha za Marekani ziliposimamishwa mwanzoni mwa 2025 na mradi wetu ukafungwa. Sasa niko Ohio na mume wangu. Makumbusho fulani ya sanaa, ya ukubwa wa kati, yamenipa nafasi ya ofisa mdogo katika idara ya uchangishaji fedha na uhusiano na wafadhili. Sanaa siijui, matajiri sijawazoea, na mama nilipomweleza aliniuliza, "Kwa hiyo umekwenda Marekani kuombaomba?" Kazi hii ni nini hasa? Niichukue? Na siku nikirudi nyumbani itanifaa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mradi wenu. Nitangulize jibu: ichukue. Ila ingia ukijua kwamba kuomba ni sehemu ndogo sana ya kazi hiyo, na wewe kama ofisa mdogo unaweza kumaliza mwaka mzima bila kumwomba mtu hata senti. Kazi yenyewe iko kwenye masharti. Nani katoa nini, kwa ajili ya nini, kaahidiwa nini, na nani ataikumbuka ahadi hiyo miaka thelathini baadaye, mtoaji akiwa kaburini na mkurugenzi aliyempa mkono akiwa amehamia jimbo jingine. Ukilishika hilo, mengine utajifunza kazini.

Katika shirika lenu mfadhili alikuwa ofisi. Ilitangaza fedha, ikaweka vigezo, mkaandika andiko, mkapewa fungu la miaka mitatu au mitano, mkaripoti kila robo mwaka mpaka siku ilipokuja barua ya kusimamisha. Kwenye makumbusho nako kuna maandiko na ripoti, na hapo utawazidi wenzako wengi, maana umezoea bajeti inayokaguliwa mpaka risiti ya dizeli. (Mwaka huohuo wa 2025 makumbusho kadhaa ya Marekani nayo yalipokea barua za kukatishiwa ruzuku za serikali ya shirikisho, kwa hiyo usidhani umekimbilia mahali ambapo upepo huo haufiki.) Tofauti ni kwamba huko fedha nyingi hutoka kwa watu wenye majina, wenye watoto wanaogombea urithi, wenye kumbukumbu ya mchoro walioonyeshwa na bibi yao wakiwa na miaka saba.

Foleni ya mlangoni isikudanganye. Makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu 2022 inamtoza mtu mzima anayetoka nje ya jimbo dola 30, na bado tiketi ni sehemu ndogo tu ya mapato yake. Hapo Ohio ulipo, makumbusho ya sanaa ya Cleveland na ya Toledo hayatozi kiingilio cha kawaida hata kidogo. Sasa jiulize nani analipia umeme. Ghala la michoro linatakiwa joto na unyevu visiyumbe usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi. Mashine za hewa hazizimwi. Anayelipa mara nyingi ni marehemu. Leonard Hanna alipofariki mwaka 1957 aliyaachia makumbusho ya Cleveland zaidi ya dola milioni 30, na watu wanaingia bure leo kwa sababu ya wosia kama ule.

Fedha za namna hiyo huwekwa kwenye mfuko wa kudumu. Mtaji hauguswi, kinachotumika ni asilimia 4 au 5 hivi kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ukitaka mshahara na marupurupu ya kyureta mmoja (mtaalamu anayesimamia mkusanyiko wa sanaa), tuseme dola 100,000 kwa mwaka, vitoke kwenye mfuko huo milele kwa kiwango cha asilimia 4.5, unahitaji mtu atoe zaidi kidogo ya milioni 2.2. Ndiyo maana utasikia tangazo la mamilioni asubuhi, na mchana mkurugenzi wa fedha anazuia safari ya watu wawili kwenda Chicago. Hakuna unafiki hapo. Fedha zile zimefungwa kwa masharti, na hakuna mtu anayetaka jina lake libandikwe kwenye mtambo wa kupoza hewa. Dola elfu tano zisizo na sharti zinaweza kuwafurahisha wahasibu wenu kuliko laki moja ya maonyesho ya msanii ambaye mfadhili anampenda.

Turudi kwa mama. Mwambie akumbuke kamati ya harusi. Kadi za mchango zinaandikwa, ahadi zinaorodheshwa, mweka hazina anawapigia simu walioahidi wakanyamaza, na kila mjumbe anajua kwamba kwa mjomba fulani haendi kijana, anaenda shangazi, na hatumi ujumbe wa WhatsApp kabla hajafika mwenyewe kumjulia hali. Hakuna anayeiita ile kamati omba-omba. Ustadi wa kujua nani amwendee nani, lini, na kwa kiasi gani ndio huohuo utakaoukuta kwenye idara yako, isipokuwa huko umeandikwa kwenye kanzidata.

Lakini kuna mahali ambapo harusi na makumbusho vinaachana, na wageni wengi wa kazi hii hujikwaa hapo. Mchango wa harusi huzunguka: nimekuchangia wa kwako, utanichangia wa kwangu. Mfadhili wa makumbusho hana binti utakayekuja kumchangia. Anapata nafuu ya kodi, anapata jina ukutani, anapata kukaa meza moja na watu anaotaka kukaa nao. Zaidi ya hayo yote anachotaka ni kuona kwamba kile alichosema kifanyike kimefanyika. Ahadi ni deni, na hapa mdaiwa ni makumbusho.

Kwenye kodi ndiko ofisa mdogo anakoanza kuwa na thamani, kwa hiyo jifunze mapema. Mtu akitoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo, hawezi kudai nafuu ya kodi bila barua yenu inayotaja kiasi na kusema kama alipewa chochote badala yake. Akilipa dola 1,000 kuingia kwenye hafla, na chakula na burudani vikathaminiwa dola 200, kinachohesabika kuwa mchango ni 800, na ninyi ndio mnaopaswa kumwandikia hivyo. Akileta mchoro anaotaka uhesabiwe kwa zaidi ya dola 5,000, lazima alete tathmini ya mthamini anayejitegemea. Makumbusho yanayopokea hayaruhusiwi kuwa mthamini wa zawadi yake yenyewe. Atakuomba umkadirie "kwa kirafiki tu". Usithubutu. Na mkiuuza mchoro huo ndani ya miaka 3, mnatakiwa kuwaarifu watu wa kodi, hapo mfadhili naye anaweza kuulizwa maswali. Utaona jinsi kitu kilichoonekana kuwa zawadi ya furaha kinavyobeba kamba ndefu.

Ukitaka kuona kamba hiyo inaweza kufika wapi, soma habari za Albert Barnes wa Pennsylvania. Alitajirika kwa dawa, akakusanya michoro 181 ya Renoir na 69 ya Cézanne, wachoraji wa Ufaransa, akaipanga ukutani kwa namna yake pamoja na makomeo, bawaba na vinyago vya Afrika, kisha akaandika kwenye hati ya taasisi yake kwamba michoro ibaki palepale ilipo. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1951. Ilipofika miaka ya 1990 taasisi ilikuwa taabani kifedha. Wafadhili wakubwa wa Philadelphia wakawa tayari kusaidia, kwa sharti kwamba mkusanyiko uhamie mjini. Mwaka 2004 jaji akaruhusu, na mwaka 2012 jengo jipya likafunguliwa, vyumba vikiwa vimenakiliwa ukuta kwa ukuta kama alivyoviacha mwenyewe. Watu bado wanabishana kama huko ni kumheshimu au kumsaliti. Mimi naona kosa lilianza siku ile ya kuandika. Hati ilieleza vizuri sana mahali pa kila picha na haikueleza vya kutosha nini kifanyike fedha zikiisha. Ukikaa na mfadhili, hilo ndilo swali la kumuuliza, kwa adabu: mambo yakibadilika kiasi kwamba hatuwezi kutekeleza hili, ungependa tufanye nini? Wengi hushukuru kuulizwa.

Wala usidhani ni mambo ya Wamarekani peke yao. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, yeye na mkewe Sheila walikusanya sanaa, vitabu na nyaraka za Afrika kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970, badala ya kuviacha viende nje, aliiuzia serikali mkusanyiko pamoja na nyumba yake ya Muthaiga akitarajia nyumba hiyo iwe taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikusimama, na nyumba ilikuja kubomolewa. Vitu vyenyewe vipo. Ukipita Nairobi utaviona kwenye jengo la Kenya National Archives na kwenye Nairobi Gallery, na vinastahili safari. Lakini kilichokuwa moyoni mwake hakikutimia, na kila mkusanyaji wa Nairobi mwenye umri wa kutosha anaijua habari hiyo. Yeyote atakayewaendea leo kuwaomba waachie vitu vyao taasisi ya umma anakutana na Murumbi mlangoni.

Halafu kuna jina. Jina ndilo sharti linaloonekana jepesi kuliko yote, na ndilo lililoyaumiza makumbusho zaidi katika miaka ya karibuni. Familia ya Sackler ilitoa fedha kwa makumbusho ya Marekani na Uingereza kwa miongo mingi. Bawa la Metropolitan lenye hekalu la kale la Dendur, zawadi ya Misri, lilifunguliwa mwaka 1978 likiwa na jina lao. Mwaka 1996 kampuni ya ndugu wa familia hiyo, Purdue, ilileta sokoni OxyContin, dawa ya maumivu iliyowaingiza watu wengi kwenye uraibu. Machi 2018 mpiga picha Nan Goldin, ambaye mwenyewe alipitia uraibu wa dawa hiyo, aliingia na wenzake kwenye ukumbi ule ule wa hekalu wakatupa vichupa vya dawa kwenye bwawa la ukumbini. Mwaka uliofuata National Portrait Gallery ya London iliachana na zawadi ya pauni milioni 1 kutoka kwa mfuko wa familia hiyo, Metropolitan ikasema haitapokea tena, na Desemba 2021 jina likaondolewa kutani. Ndani yake kuna fundo ambalo mtu wa idara yako lazima alielewe: Arthur Sackler, kaka mkubwa, alifariki mwaka 1987, kabla dawa hiyo haijawepo. Je, jina lake nalo lishuke? Harvard ilijibu mwaka 2024 kwamba kwake libaki. Taasisi nyingine zimeamua vingine.

Ndiyo maana mikataba ya siku hizi inataja muda wa jina na mazingira yanayoweza kulifuta. Zamani waliandika "milele" kwa kalamu nyepesi. Lincoln Center ya New York, si makumbusho lakini somo ni lilelile, ilikuwa na ukumbi wa muziki wenye jina la Avery Fisher. Walipohitaji mfadhili mpya wa kuukarabati, ilibidi wailipe familia ya Fisher dola milioni 15 ili iachie jina. Ndipo David Geffen akatoa milioni 100 mwaka 2015. Kulinunua upya neno moja la mkataba wa zamani kuligharimu milioni kumi na tano. Mtu aliyeliandika alikuwa ofisini kwake, pengine Ijumaa jioni, akitaka kumaliza.

Utauliza: sasa mimi ofisa mdogo nina nafasi gani katika mambo ya ukubwa huo? Unayo, kwa sababu karatasi hukaa kwako. Hebu nikupe habari ya Detroit, saa chache tu kutoka uliko, kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi karatasi za wafadhili zina nguvu gani.

Mji wa Detroit ulitangaza kufilisika Julai 2013, ukiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18. Kazi za sanaa za Detroit Institute of Arts zilikuwa mali ya mji kisheria tangu 1919. Wadai wakageuza macho huko. Wastaafu wa mji, polisi na zimamoto na makarani, walikuwa wanaambiwa pensheni zao zitakatwa. Ni vigumu kumwambia mjane wa askari kwamba mchoro wa Bruegel, mchoraji wa karne ya 16, ni muhimu kuliko kodi yake ya nyumba. Nyumba ya mnada ya Christie's iliitwa kuthamini. Na hapa angalia: ilithamini zile tu ambazo mji ulizinunua kwa fedha zake wenyewe, kazi zisizofika asilimia 5 ya mkusanyiko, ikazikadiria kati ya dola milioni 454 na 867. Mchoro wa Bruegel wa ngoma ya harusi, ulionunuliwa mwaka 1930, ulikuwa kati ya zile za bei kubwa kabisa. Kazi zilizotoka kwa wafadhili hazikuwekwa kwenye kapu hilo kwa sababu zilikuwa na barua, hati, masharti; ukizigusa unafungua kesi moja kwa kila familia. Mwanasheria mkuu wa Michigan alikuwa ameshatoa maoni mwezi mmoja kabla ya mji kufilisika kwamba mkusanyiko ni amana kwa ajili ya umma na hauwezi kuuzwa kulipa madeni. Makarani waliotunza mafaili tangu enzi za mashine ya chapa hawakujua kwamba wanajenga ukuta.

Ukuta peke yake usingetosha. Kilichookoa makumbusho na sehemu kubwa ya pensheni ni makubaliano ya dola milioni 816 kwa miaka 20: taasisi za hisani milioni 366, jimbo milioni 350, na makumbusho yenyewe yakaahidi kutafuta milioni 100. Ford Foundation peke yake iliahidi 125, Kresge 100. Kampuni tatu za magari zikachangia 26 kwenye sehemu ya makumbusho. Taasisi nyingi kati ya hizo zisingetoa kiasi hicho kwa ajili ya picha. Zilitoa kwa sababu picha na pensheni viliwekwa kwenye karatasi moja, na fedha zao zikaingia kwenye mifuko ya wastaafu huku kazi za sanaa zikihamishiwa kwa taasisi isiyo ya serikali, mahali ambapo hakuna mdai wa mji atakayezifikia tena. Kutafuta mahali ambapo haja yako na haja ya mtu mwingine zinatibiwa na hundi ileile ndicho kilele cha kazi hii. Mwaka mmoja kabla ya kufilisika, wakazi wa wilaya tatu za eneo hilo walikuwa wamekubali kwa kura kulipa kodi ndogo ya nyumba kwa ajili ya makumbusho ili wao waingie bure. Waliirudia kura hiyo mwaka 2020 na kukubali tena. Hao nao ni wafadhili, maelfu kwa maelfu, na hakuna jina hata moja ukutani.

Baltimore mwaka 2020 ni upande wa pili. Makumbusho ya pale yalitaka kuuza michoro mitatu ya wasanii wa Marekani, wa Marden, wa Still na wa Warhol, yakitarajia dola milioni 65 kwa ajili ya kusawazisha mishahara, kufuta baadhi ya viingilio na kununua kazi za wanawake na wasanii Weusi. Malengo ambayo mimi nayaunga mkono yote. Mchoro wa Still alikuwa ameutoa msanii mwenyewe. Wafadhili wawili waliowahi kuwa kwenye bodi wakaondoa ahadi za jumla ya dola milioni 50, na mauzo yakasimamishwa saa chache kabla ya mnada. Maoni yangu ni kwamba wazo likimfikia mfadhili wa zamani likiwa limeshaamuliwa, hata liwe zuri namna gani, atalisikia kama dharau, na hapo mtu wa uhusiano na wafadhili alitakiwa awe ndani ya chumba tangu siku ya kwanza.

Sasa siku zako zitakuwaje. Asubuhi utaingiza michango kwenye kanzidata; nyingi zinatumia Raiser's Edge au programu ya namna hiyo. Utaandika barua za shukrani, na utakuta idara imejiwekea ahadi ya kuzituma ndani ya siku mbili tatu. Usizidharau. Barua iliyoandikwa "Bwana na Bibi" wakati Bwana amezikwa mwezi uliopita inaweza kuondoa wosia wa miaka ishirini ya uhusiano, na aliyeweza kuizuia ni wewe uliyesoma tanzia gazetini. Utapanga meza za hafla na kujifunza nani alimtaliki nani. Utaandika maelezo mafupi kuhusu mtu ambaye mkurugenzi anakwenda kula naye chakula cha mchana: kazi yake, alichowahi kutoa, msanii anayempenda, asichopenda kuulizwa. Andika maelezo hayo ukijua kwamba siku moja huenda akayaona. "Mwanamke mgumu" usiandike. Andika "anapenda kupata taarifa mapema".

Ukipanda cheo utapewa orodha yako ya wafadhili mia moja hivi, na hapo ndipo utaomba. Kuomba kwenyewe ni dakika chache. Unataja kiasi, unataja kitu, kisha unanyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu hasa kwetu sisi tuliofundwa kujaza kimya kwa maneno ya adabu. Ukianza kujieleza kabla hajajibu, umeshapunguza kiasi wewe mwenyewe.

Kuhusu matajiri kukutisha: wengi wao wamechoka kusifiwa. Unyenyekevu uliolelewa nao, wa kusalimia vizuri, kuuliza habari za nyumbani na kusubiri jibu, utakufikisha mbali kuliko kujua divai za Ufaransa. Ila jihadhari na jambo moja. Kwetu mzee akikuzoea anakuwa baba au mama, na ni sawa. Kule, mjane wa miaka 85 asiye na mtoto wa karibu anaweza kukupenda wewe badala ya makumbusho. Akitaja kukuachia chochote kwenye wosia, mwambie hapana siku hiyohiyo na umwambie mkuu wako siku hiyohiyo. Na mtu yeyote, huko au huku, akikuahidi asilimia ya fedha utakazoleta, kataa. Kanuni za chama cha wachangishaji fedha cha Marekani, AFP, zinakataza malipo ya namna hiyo, kwa sababu ukilipwa hivyo utasukuma mtu atoe leo kile ambacho angetoa mara tatu zaidi akiwa tayari.

Sanaa huijui? Shuka kwenye kumbi kila siku ya kazi kwa nusu saa, simama mbele ya kitu kimoja tu, kisha mtafute kyureta umuulize kwa nini kipo pale. Makyureta wengi wanaiogopa idara yenu, wanadhani mmekuja kuuza kuta zao. Anayekuja kuuliza kuhusu picha kabla ya kuuliza kuhusu fedha huwa anakaribishwa.

Nyumbani itakufaa, ingawa utakuta sura nyingine. Makumbusho yetu makubwa yametengenezwa mara nyingi na fedha za ofisi za mbali: Fort Jesus ya Mombasa iligeuzwa kuwa makumbusho kwa msaada wa Gulbenkian Foundation ya Ureno, na makumbusho ya Nairobi yalifungwa 2005 na kufunguliwa upya 2008 kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Sehemu za wasanii kama Nafasi Art Space pale Dar es Salaam zimeishi kwa balozi. Umeshaona kwa macho yako barua moja kutoka mbali inavyoweza kufunga mlango. Kinachokosekana ni mtu wa ndani anayetoa kidogo kila mwaka na kujiona mwenyeji. Kenya Museum Society imejaribu kwa uanachama na kwa maonyesho yake ya kila mwaka ya kazi za bei nafuu, ambapo mnunuzi anapata picha, msanii anapata fungu lake na makumbusho yanapata kitu. Huo ni mwelekeo mzuri. Wenye fedha tunao, Dar, Nairobi, Mombasa, hata Muscat kwa jamaa zetu. Wasichokuwa nacho ni imani kwamba wakitoa kinyago cha babu yao leo watakikuta kesho, na karatasi inayosema hivyo. Ukirudi na ujuzi wa kuandika karatasi hiyo, kurasa mbili kwa Kiswahili kinachoeleweka, na nidhamu ya kumpigia mtoaji simu mwaka unaofuata bila kumwomba kitu, utakuwa umeleta zaidi ya shahada.

Kabla ya kusaini mkataba wako waombe wakuonyeshe sera yao ya kupokea zawadi: nani anaweza kukataa mchango, na je, anaweza kumkatalia mwenyekiti wa bodi? Uliza pia aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako alikaa muda gani. Wakisema sera ipo "inaandaliwa", bado ichukue kazi, ila mwezi wa kwanza omba ufunguo wa kabati la mafaili ya wafadhili waliofariki na uanze kuorodhesha nini waliahidiwa. Hakuna atakayekuagiza ufanye hivyo, na kabla mwaka haujaisha watakuwa wanakuja kukuuliza wewe.